ARV Wakati wa Ujauzito: Mwongozo kwa Mama na Wanaomtunza

Mei 2018, taarifa kutoka Botswana ilitikisa kliniki za VVU Afrika nzima. Watafiti wa mradi uitwao Tsepamo walikuwa wakifuatilia watoto wanaozaliwa katika hospitali kubwa za nchi hiyo. Waligundua kwamba kati ya watoto 426 wa wanawake walioshika mimba wakiwa tayari wanameza dawa mpya iitwayo dolutegraviri, 4 walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo, ile jamii ya maradhi ambayo mgongo wazi ni mojawapo. Kwa wanawake waliotumia dawa nyingine za kufubaza VVU (ARV), kasoro hizo zilimpata takriban mtoto 1 katika kila 1,000. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa tahadhari, na nchi kadhaa, Kenya miongoni mwao, zikawawekea mipaka wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Leo dolutegraviri imo ndani ya kidonge wanachopewa wajawazito wengi wanaoishi na VVU Tanzania, Kenya na Uganda. Kilichotokea kati ya tahadhari ile na leo kinamhusu kila mama anayeshika chupa ya dawa na kujiuliza: hiki kitamdhuru mwanangu?

Botswana ilivyotoa jibu

Watoto 4 kati ya 426 ni idadi ndogo mno kutolea hukumu, lakini ni kubwa mno kupuuzwa. Watafiti waliendelea kuhesabu. Hospitali zilizohusika ziliongezwa kutoka 8 hadi 18, na wakunga wakaendelea kumkagua kila mtoto aliyezaliwa, aliye hai na aliyezaliwa mfu, kuanzia utosini hadi nyayoni. Mwaka 2019 kasoro zilikuwa zimeshuka hadi watoto 3 katika kila 1,000. Mwaka 2020 zikawa chini ya 2. Kufikia 2022 walikuwa wamehesabiwa watoto 9,460 ambao mama zao walishika mimba wakitumia dolutegraviri, na waliokuwa na kasoro hiyo walikuwa 10 tu: karibu 1 katika kila 1,000, kiwango kilekile cha wanawake waliotumia dawa nyingine. Namba ya 2018 ilikuwa imepandishwa na bahati tu, jambo linaloweza kutokea wakati wowote waliohesabiwa wakiwa wachache.

Wanawake wenyewe hawakukaa kusubiri waamuliwe. Julai 2018, wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali na kutoa tamko: waelezwe faida na hatari zote za dawa hiyo, kisha waachiwe wachague. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2019, WHO iliipendekeza dolutegraviri kwa watu wazima wote, wakiwemo wajawazito na wanawake wanaotarajia kuzaa.

Haikuwa mara ya kwanza kwa dawa ya VVU kushukiwa hivyo. Kabla ya hapo ilikuwa zamu ya efavirenzi. Majaribio kwa nyani yaliibua hofu ya kasoro kwa watoto, na kwa miaka mingi madaktari waliikwepa kwa mwanamke aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Takwimu za akina mama wengi zilipokusanywa, hofu hiyo nayo haikuthibitika, na mwaka 2012 WHO ikairuhusu. Upo pia mfumo wa kimataifa wa kuandikisha wajawazito wanaotumia ARV, ulioanzishwa mwaka 1989. Kwa jumla, kasoro za kuzaliwa zilizoandikwa humo ni takriban 3 katika kila watoto 100, karibu sawa na za watoto wa akina mama wasiotumia dawa hizi.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Baadhi hupata virusi wakiwa tumboni, wengi wakati wa uchungu na kuzaliwa, na wengine kupitia maziwa ya mama. Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba zidovudini peke yake ilishusha maambukizi kutoka watoto 25 hivi hadi 8 katika kila 100. Miaka mitano baadaye, watafiti katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama akiwa na uchungu, na moja kwa mtoto baada ya kuzaliwa, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na zidovudini ya siku chache. Malawi ilianza mwaka 2011 kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa kamili za maisha, bila kusubiri kinga yake ishuke, na nchi za Afrika Mashariki zikafuata.

Dawa kamili zinaweza kufika mbali kuliko hapo. Huko Ufaransa, watafiti waliwafuatilia watoto 2,651 ambao mama zao walianza dawa kabla ya mimba, wakaendelea nazo bila kukatiza, na wakajifungua virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeambukizwa. Watoto hao hawakunyonyeshwa, kwa hiyo namba hiyo inaeleza mimba na uzazi peke yake. Hata hivyo inaonyesha wazi kwamba kinachomlinda mtoto ni uchache wa virusi katika damu ya mama, na virusi hupungua kwa kidonge kinachomezwa kila siku.

Mama akiacha dawa kwa kuhofia mimba, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Mtoto hapo anakabiliwa na hatari ya kweli kwa ajili ya kuepushwa na hatari ambayo uchunguzi wa maelfu ya watoto haukuiona.

Kilichomo ndani ya kidonge

Kidonge kinachotolewa kwa wingi huitwa TLD. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Humezwa kimoja kwa siku.

Lamivudini imetumiwa na wajawazito kwa miongo kadhaa bila kuleta wasiwasi mkubwa. Tenofoviri inajulikana pia na inaaminika, ila hupita kwenye figo, kwa hiyo mwenye tatizo la figo, kisukari au shinikizo la damu aseme mapema ili apimwe. Tenofoviri na lamivudini hupambana pia na virusi vya homa ya ini B. Mwenye maradhi hayo akiziacha ghafla, ini linaweza kuumia vibaya.

Faida kubwa ya dolutegraviri ni kasi yake. Utafiti mmoja wa Kampala na Cape Town uliwachukua wanawake walioanza dawa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Siku ya kujifungua, 74 kati ya kila 100 waliopewa dolutegraviri walikuwa na virusi vilivyoshuka chini ya 50 kwa mililita ya damu. Kwa waliopewa efavirenzi, walikuwa 43 tu. Utafiti mwingine, uliowahusisha wanawake 643 katika nchi tisa, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulipata picha kama hiyo: 98 kati ya 100 waliotumia dolutegraviri walifika siku ya kujifungua virusi vikiwa chini ya 200, dhidi ya 91 kwa efavirenzi. Mama aliyechelewa kupima, akajua hali yake mimba ikiwa ya miezi saba, bado ana muda wa kumlinda mtoto wake akianza leo.

Wapo wanaotumia dawa nyingine kwa sababu za kitabibu, na kila moja ina jambo lake la kuangaliwa. Zidovudini inaweza kupunguza damu. Nevirapini inaweza kuleta vipele vikali na kudhuru ini, hasa kwa mwanamke anayeianza kinga yake ikiwa bado juu. Lopinaviri pamoja na ritonaviri imehusishwa katika tafiti kadhaa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo. Mambo haya hayatoshi kumfanya mtu aache dawa nyumbani. Yanatosha kumfanya amuulize daktari kama kubadilishiwa kunafaa, na aendelee kumeza alizonazo mpaka apate jibu.

Uanzie wapi

Kama bado hujashika mimba na unatarajia, mweleze mhudumu wa kliniki ya VVU (CTC, au CCC kama uko Kenya). Omba kipimo cha wingi wa virusi, na ikiwezekana subiri kushika mimba hadi virusi visionekane. Anza vidonge vya foliki asidi kabla ya mimba, kwa sababu mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wanawake wengi wakati huo hawajajua hata kama wana mimba. Ushauri huu wa foliki asidi unamfaa kila mwanamke, mwenye VVU na asiye navyo.

Kama ulikuwa ukitumia dawa ndipo ukagundua una mimba, endelea kumeza kama kawaida usiku huohuo. Kisha nenda kliniki ujiandikishe mapema, usisubiri tumbo lionekane.

Kama umegundulika na VVU kwenye kipimo cha kliniki ya wajawazito, dawa huanza siku hiyohiyo ukiwa tayari. Chukua muda wa kuuliza, kulia ukitaka kulia, na kuzungumza na mama kinara, yaani mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo na sasa anawasaidia wengine kliniki. Lakini usiondoke na ahadi ya kurudi mwezi ujao kuanza dawa.

Kama majibu yako ni hasi, kipimo kirudiwe katika miezi mitatu ya mwisho na tena wakati wa kunyonyesha. Mwanamke anayeambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha huwa na virusi vingi mno wiki za mwanzo, na mtoto huwa hatarini kuliko wakati mwingine wowote.

Namna ya kumeza

Chagua saa utakayoikumbuka bila taabu. TLD humezwa ukiwa umekula au hujala, asubuhi au usiku. Anayekosa usingizi au kuota ndoto nzito ahamishie dozi asubuhi. Kwa Mwislamu anayefunga Ramadhani kwa idhini ya daktari, dozi moja kwa siku inaingia vizuri kwenye futari au daku.

Ukisahau, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata. Anayemeza saa 2 usiku, akikumbuka saa 4 asubuhi kwamba jana alipitiwa, ameze palepale. Akikumbuka saa 12 jioni, asubiri saa yake ya kawaida. Vidonge viwili kwa mara moja havifidii kilichokosekana.

Kichefuchefu cha mimba changa kinawatesa wengi. Jaribu kumeza saa ambayo tumbo limetulia, hata kama ni mchana. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, hasa ukikiona kidonge kwenye matapishi, huenda dozi hiyo haikuingia. Muulize muuguzi mapema, kabla halijatokea, ni wakati gani urudie.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mara nyingi halisemwi kwa uwazi kwenye dirisha la dawa: vidonge vya kuongeza damu, FEFO. Madini ya chuma, na yale ya kalisi, hujishika na dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie vizuri kwenye damu. Mjamzito anahitaji vyote, kwa hiyo ajue kuvipanga. Njia ya kwanza ni kumeza TLD na FEFO kwa pamoja wakati wa mlo. Njia ya pili, kama unameza bila chakula, ni kutanguliza TLD angalau saa mbili kabla ya FEFO, au kuimeza saa sita baada yake. Mama anayeamka saa 12 asubuhi anaweza kumeza TLD hapo, na FEFO baada ya chakula cha mchana.

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, ziwe za kutafuna au za maji, zinahitaji uangalifu zaidi, kwani chakula hakisaidii. Ziachanishe na TLD kwa saa zilezile: kidonge kitangulie saa mbili, au kifuate baada ya saa sita.

Chupa ya dawa ifungwe vizuri na ikae pakavu, mbali na jiko na dirisha linalopigwa na jua.

Malaria, kifua kikuu na dawa za asili

Kila mjamzito katika maeneo yenye malaria hupewa dawa iitwayo SP kliniki ili kumkinga. Lakini mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin, hapaswi kupewa SP. Dawa hizo mbili ni za jamii moja, na zikiunganishwa madhara huongezeka, yakiwemo ya ngozi yanayoweza kuhatarisha maisha. Kotrimoksazoli yenyewe humkinga na malaria. Kama kliniki ya wajawazito na CTC ziko milango tofauti, muuguzi wa upande mmoja anaweza asijue ulichopewa upande wa pili. Mwambie wewe. Chandarua chenye dawa kinabaki palepale, na ukiugua malaria, dawa ya mseto (ALu) inatumika pamoja na TLD.

Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini anahitaji dolutegraviri ya ziada: miligramu 50 nyingine, saa 12 baada ya TLD, kwa kuwa rifampisini huifanya iondoke mwilini haraka. Dawa kadhaa za kifafa, kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni, huishusha pia. Anayetumia metfomini kwa ajili ya kisukari aseme, maana dolutegraviri huongeza kiwango chake mwilini na dozi huenda ikapunguzwa.

Dawa za mitishamba zitajwe vilevile, bila aibu. Mhudumu mzuri hatakugombeza, atataka kujua tu kinachoingia mwilini mwako. Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, walikuwapo walioacha ARV wakiamini wamepona, na waliumia. Mjamzito akiacha dawa, wanaoumia wanaweza kuwa wawili.

Maudhi ya kawaida na dalili za kukimbilia hospitali

Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na kuharisha kidogo hutokea wiki za mwanzo na mara nyingi hupita. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito. Ongezeko hilo lipimwe pamoja na la mimba, na lizungumzwe kliniki, lakini lisiwe sababu ya kuruka dozi.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona vipele vinavyoambatana na homa, malengelenge au vidonda mdomoni, macho kuwa ya njano na mkojo mweusi, maumivu makali ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, kutapika kusikokoma, au huzuni nzito na mawazo ya kujidhuru. Dalili za hatari za mimba yenyewe hazitofautiani na za wanawake wengine: kutokwa damu, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Usizihusishe na ARV na kusubiri zipite.

Kipimo kinachoamua mengi

Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachoonyesha kama kidonge kinafanya kazi. Aliyekuwa kwenye dawa kabla ya mimba apimwe mara anapoanza kliniki. Aliyeanza dawa akiwa mjamzito apimwe baada ya miezi mitatu hivi. Wote wapimwe tena wiki ya 34 hadi 36, ili majibu yawepo kabla ya uchungu kuanza. Usiridhike kusikia kwamba damu imechukuliwa. Rudi uulize namba.

Virusi vikiwa bado juu, kaa na mshauri mtafute sababu. Huenda dozi zimerukwa kwa sababu ya kutapika, nauli, au kujificha. Huenda ni FEFO iliyomezwa pamoja na TLD tumbo likiwa tupu kila siku. Na huenda virusi vimekuwa sugu, ndipo dawa hubadilishwa.

Leba, mtoto na maziwa

VVU peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mama anayemeza dawa vizuri anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida, katika kituo cha afya, na dozi yake ya siku hiyo anaimeza hata akiwa na uchungu. Weka dawa kwenye mkoba wa kujifungulia, chini ya kanga na nepi, na mwambie mkunga hali yako anapokupokea. Akijua, ataepuka kupasua chupa mapema au kuongeza njia bila sababu ya lazima.

Katika nchi nyingi mtoto huanza nevirapini ya maji mapema baada ya kuzaliwa na kuendelea nayo wiki sita. Kama mama alianza dawa chini ya wiki nne kabla ya kujifungua, au virusi vyake vilikuwa zaidi ya 1,000, mtoto yuko katika hatari kubwa zaidi. Huyo mara nyingi hupewa nevirapini na zidovudini, na kinga huendelea hadi wiki 12. Uliza waziwazi mtoto wako yuko kundi gani. Akifika wiki sita huanza pia kotrimoksazoli.

Kuhusu kunyonyesha, ushauri wa WHO kwa nchi zetu unaeleweka: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji, bila dawa za chango. Baada ya hapo vyakula vingine huongezwa, na mtoto anaweza kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, mradi mama anameza dawa. Kumchanganyia mtoto mchanga vyakula na maziwa ya mama huumiza utumbo wake laini na kuvipa virusi njia. Bibi au shangazi anayeshauri maji kidogo kwa sababu ya joto anampenda mtoto. Aelezwe kwa heshima kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha.

Chuchu zikipasuka, titi likivimba na kuuma, au mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni, nenda kituoni upate matibabu. ARV katika maziwa ya mama ni chache na mtoto huzivumilia, lakini hatari ya maambukizi kwa kunyonya haifikii sifuri kabisa, ndiyo maana mtoto anaendelea kupimwa.

Kipimo cha kwanza hufanywa akiwa na wiki nne hadi sita, kwa matone ya damu ya kisiginoni yanayokaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Hurudiwa akiwa na miezi tisa, na tena akifika miezi 18 au baada ya kuacha kunyonya kabisa. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakimfai mtoto mchanga, kwa kuwa kinga alizorithi kwa mama zinaweza kukifanya kionyeshe VVU hata kama hana. Mtoto akionekana kuwa na maambukizi, dawa huanza mara moja, na zinamsaidia sana zikianza mapema.

Siri, mwenza na safari ya kujifungulia kwao

Dozi nyingi huanguka kwa sababu ambazo haziko ndani ya kidonge. Mwanamke anamficha mume, anamficha wifi, anaogopa chupa itakayolia ndani ya pochi. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu yako, na mhudumu hana ruhusa ya kuyatangaza. Kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa, mweleze mshauri kabla ya kusema lolote nyumbani. Kliniki inaweza kumwalika mwenza mpimwe pamoja, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kwa wote wawili.

Mume asiye na maambukizi apime mara kwa mara na aulizie dawa za kinga zinazoitwa PrEP. Virusi vya mama visipoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Mume mwenye maambukizi naye aanze dawa. Zaidi ya hapo, kazi yake ni ya kila siku: kukumbusha saa, kutafuta nauli ya kliniki, kumzuia jirani asimpe mtoto maji.

Akina mama wengi husafiri kwenda kujifungulia kwa wazazi wao. Kabla ya safari, omba dawa za miezi ya kutosha na barua ya uhamisho yenye tarehe ya kuanza dawa na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi. Ulizia kituo kilicho karibu na unakokwenda ambacho mtoto anaweza kupata nevirapini na kupimwa akifikisha wiki sita.

Ya kuuliza siku ya kliniki

Andika maswali kabla ya kutoka nyumbani, maana foleni husahaulisha. Natumia dawa gani, na ipi kati yake inahitaji kutenganishwa na FEFO? Napewa kotrimoksazoli au SP? Figo zangu, damu yangu na homa ya ini B vimepimwa? Virusi vyangu ni vingapi, na nitapimwa tena tarehe gani? Mtoto atapewa dawa ipi, kwa wiki ngapi? Kipimo chake cha kwanza kitafanyika wapi, na majibu nitayapata kwa nani? Omba majibu yaandikwe kwenye kadi yako, ili muuguzi wa zamu nyingine au wa mkoa mwingine ayakute yakiwa kamili.